Springi za Upepo kwenye Pikapu ya Zamani

Pikapu nyingi za zamani zimekalia springi za pleti kwa nyuma: vyuma virefu vilivyopinda kidogo, vimepangwa kimoja juu ya kingine kuanzia kirefu hadi kifupi, vikabanwa pamoja katikati kwa senta bolti na kufungwa kwenye ekseli kwa yubolti. Toyota Hilux, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1968, imeendelea na mtindo huo kwa zaidi ya nusu karne. Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyotoka mwaka 1984, ilipewa springi za koili kwa mbele mwaka 1999, lakini nyuma ya pikapu pleti zikabaki palepale.

Kuna sababu nzuri ya pleti kudumu hivyo. Zinafanya kazi mbili kwa mpigo. Zinabeba uzito wa bodi na mzigo, na wakati huohuo zinashikilia ekseli isiende mbele, nyuma wala pembeni. Jicho la mbele la pleti ndefu limefungwa kwenye chasisi kwa pini na bushi. Jicho la nyuma linaning'inia kwenye sheko inayocheza, ili springi ipate nafasi ya kurefuka inapokandamizwa. Dereva akikanyaga mafuta au breki, nguvu yote ya ekseli hupita kwenye pleti kuingia kwenye chasisi. Kazi hii ya pili ndiyo inayosahauliwa zaidi na watu wanaotaka kuweka springi za upepo, na ndiyo inayoamua kama ufungaji utachukua siku moja au wiki kadhaa.

Udhaifu wa pleti uko kwenye ugumu wake, ambao haubadiliki sana kufuata mzigo. Pikapu ya kubeba tani moja hupewa pleti za kuhimili tani moja, kwa hiyo ikiwa tupu pleti hizo ni ngumu kupita kiasi: nyuma hurukaruka kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi, na tairi hupoteza mshiko kwenye kona. Ikipakiwa sawasawa husafiri kwa utulivu. Ikipakiwa mzigo wote nyuma ya ekseli, au pleti zikiwa zimechoka kwa miaka mingi, gari hulala nyuma. Hapo taa za mbele huinuka na kuwamulika usoni madereva wanaokuja, magurudumu ya mbele hupungukiwa na uzito, usukani huwa mwepesi isivyo kawaida, na breki za mbele, ambazo ndizo zenye kazi kubwa ya kusimamisha gari, hukosa uzito wa kuzikandamizia tairi zake barabarani.

Dawa iliyozoeleka katika gereji za Afrika Mashariki ni kuongeza pleti. Fundi hutafuta pleti moja au mbili kwa wauza vipuri, kama wale wa Kirinyaga Road jijini Nairobi au Gerezani jijini Dar es Salaam, akazikata kwa kipimo na kuzipanga na zile za zamani. Pikapu zinazokimbiza miraa kutoka Meru, zinazobeba ndizi au mifuko ya simenti, nyingi zimefanyiwa hivyo. Ni njia ya bei nafuu na imara, na kwa gari linalobeba mzigo uleule kila siku ni vigumu kupata iliyo bora. Tatizo ni kwamba pleti ya ziada haiondoki mzigo unaposhushwa. Gari likirudi tupu huwa gumu kuliko lilivyokuwa mwanzo, na ugumu huo huishia kwenye chasisi, kwenye bodi na kwenye mgongo wa dereva. Springi ya upepo inakuja kujibu tatizo hilohilo: kuwa na springi ya ziada ambayo mtu anaweza kuiweka na kuiondoa kwa kutumia pampu.

Springi yenyewe ni mpira mzito wenye nyuzi za nailoni ndani, kama ulivyo ukuta wa tairi, uliofungwa juu na chini kwa sahani za chuma. Upo wa namna mbili. Mmoja una mikunjo miwili au mitatu na hujibana kama kinanda cha mkono. Huu una nguvu nyingi kwenye nafasi fupi. Mwingine ni bomba la mpira linalojikunja juu ya kitako chake kadiri linavyokandamizwa. Huu ni laini zaidi na una safari ndefu, lakini unahitaji nafasi zaidi.

Hesabu yake ni rahisi na inafaa kujulikana na kila mwenye gari. Mzigo unaobebwa ni sawa na shinikizo la upepo mara eneo ambalo upepo huo unasukuma. Mpira wenye eneo la inchi za mraba 25 ukijazwa paundi 40 kwa kila inchi ya mraba hubeba paundi 1,000, yaani kilo 450 hivi. Ukijazwa paundi 100 hubeba kilo 1,130 hivi. Hapo ndipo inapotoka namba inayoandikwa kwenye seti nyingi za pikapu, paundi 5,000 kwa jozi, ambazo ni karibu kilo 2,270. Tena upepo una tabia moja ambayo pleti haina: ukibanwa nusu ya nafasi yake, shinikizo hupanda sana, hivyo springi hugangamala zaidi kadiri inavyokaribia mwisho wa safari yake. Gari likitumbukia kwenye shimo, mpira huanza kwa ulaini na kumalizia kwa ugumu, na ekseli haigongi chasisi kwa kishindo.

Teknolojia hii si ngeni. Nchini Marekani mabasi ya Greyhound ya aina ya Scenicruiser, yaliyoanza kutengenezwa na General Motors mwaka 1954, yalitembea juu ya upepo, na gari la kifahari la Cadillac Eldorado Brougham la mwaka 1957 lilikuwa na springi hizo kwenye magurudumu yote manne. Abiria wa mabasi mengi mapya ya mikoani leo husafiri juu ya springi za namna hiyohiyo. Kwa pikapu, kampuni kama Firestone na Air Lift ya Lansing, Michigan, iliyoanzishwa mwaka 1949, huuza seti kamili zenye mipira, mabano, bolti na paipu za kufunga bila kuchomelea.

Mwenye pikapu ana njia mbili kuu. Ya kwanza ni kuacha pleti zote mahali pake na kuongeza mipira miwili ya kusaidia, kila mmoja kati ya chasisi na ekseli. Ya pili ni kung'oa pleti zote na kuiacha mipira ibebe gari peke yake. Kati ya hizo kuna njia ya mkato inayofanywa na baadhi ya mafundi: kuacha pleti moja ndefu tu ishikilie ekseli na kuuachia mpira uzito wote. Njia hiyo haifai kwa gari la kazi. Pleti moja haina ubavu wa kuzuia ekseli kujizungusha. Dereva akikanyaga mafuta au breki kwa nguvu, pleti hujikunja kwa umbo la herufi S, mdomo wa difu huinuka au kushuka, na krosi za propela hulazimika kufanya kazi kwenye pembe zisizozoeleka. Pleti hiyo ikikatika, hakuna kingine kinachoshikilia ekseli.

Kwa pikapu inayofanya kazi, njia ya kwanza ndiyo yenye maana, na sehemu kubwa ya makala haya inaihusu hiyo. Lakini kabla ya kufika kwenye spana na jeki, ni lazima ieleweke springi hizi zinafanya nini hasa, kwa maana hapo ndipo magari yanapoharibika.

Mipira ya kusaidia haiongezi uwezo wa gari. Uzito wa juu kabisa ulioandikwa na mtengenezaji hautokani na springi peke yake. Unatokana pia na ekseli, beringi za magurudumu, tairi, rimu, breki na chasisi. Springi ikiongezwa nguvu, hivyo vingine vyote vinabaki vilevile. Namba ya kilo 2,270 kwenye boksi la mipira inaeleza kile mpira unachoweza kuvumilia, wala haihusiani na kile Hilux ya mwaka 1990 inachoweza kubeba. Hatari ni kwamba dalili inayoonekana ya gari lililozidiwa, yaani kulala nyuma, hupotea pindi upepo unapojazwa. Gari huonekana limesimama vizuri huku beringi na tairi zikiteseka.

Mipira hiyo pia hailainishi gari tupu. Watu wengi huinunua wakitarajia pikapu yao itembee kwa ulaini kama basi jipya. Pleti zilizokuwa ngumu zinabaki zilivyo; mpira ulioongezwa unaweza tu kuongeza ugumu, hauwezi kuupunguza. Faida inayopatikana ni kimo kinachorekebishika na utulivu wa gari likiwa na mzigo, na hiyo ni faida kubwa kwa anayeielewa.

Kuna jambo zito zaidi, nalo ni chasisi. Pleti hukabidhi mzigo kwa chasisi kwenye sehemu mbili zilizo mbali, kwenye jicho la mbele na kwenye sheko ya nyuma, na kati yake kuna zaidi ya mita moja. Mpira wa upepo husukuma sehemu moja tu, juu ya ekseli. Kwenye pikapu ya kebini mbili ekseli iko mbele ya katikati ya bodi ya mizigo, kwa hiyo sehemu kubwa ya mzigo inaning'inia nyuma yake, na tela ikifungwa huongeza uzito mwishoni kabisa. Kwa hesabu ya kurahisisha, kilo 300 zilizowekwa mita 1 nyuma ya ekseli ziko sentimita 40 tu kutoka kwenye sheko iliyo sentimita 60 nyuma ya ekseli. Ikiwa egemeo ni mpira badala ya sheko, urefu huo unakuwa mita 1 nzima, na nguvu ya kupinda chasisi inakuwa mara mbili na nusu. Kila shimo barabarani huzidisha nguvu hiyo kwa ghafla. Nchini Australia, ambako watu hupakia pikapu za kebini mbili vifaa vya safari na kuvuta tela za kulala kwenye njia mbovu za jangwani, chasisi zilizopinda nyuma ya kebini ni tatizo linalojulikana vizuri, na mara nyingi mipira iliyojazwa upepo mwingi ndiyo inayokutwa chini ya magari hayo.

Hilo linatoa kanuni ambayo haiandikwi mara nyingi na inastahili kukaririwa. Gari likipakiwa na kisha kuinuliwa kwa upepo hadi kwenye kimo chake cha utupu, pleti zinarudi kubeba kile zilichokuwa zikibeba gari likiwa tupu, na mzigo wote ulioongezwa unakuwa juu ya mipira. Likiinuliwa nusu tu ya kiasi lilichoshuka, pleti hubeba nusu ya mzigo na kuupeleka kwenye sehemu zake mbili, na mipira hubeba nusu iliyobaki. Mfano: kilo 600 juu ya ekseli zimeishusha pikapu sentimita 8. Kuirudisha sentimita 4 kunataka kila mpira ubebe kilo 150, ambazo kwa mpira wa inchi za mraba 25 ni paundi 13 tu za upepo. Kuirudisha zote 8 ni paundi 26. Paundi 80 anazojaza mtu kwa sababu boksi limeandikwa mwisho 100 hazina kazi yoyote hapo isipokuwa kuipinda chasisi. Gari la zamani, ambalo chuma chake kimeshaliwa na kutu hapa na pale, halina akiba ya kuvumilia mchezo huo.

Suala jingine ambalo hata mafundi wazuri hulipitia bila kuliona ni breki. Hilux nyingi za zamani, pamoja na pikapu nyingine za Kijapani za rika lake, zina valvu ya breki inayopima mzigo. Imefungwa kwenye chasisi karibu na difu, na kijiti au springi ndogo inaiunganisha na ekseli. Gari likilala nyuma kwa uzito, kijiti huisukuma valvu nayo ikaruhusu mafuta mengi zaidi ya breki kwenda magurudumu ya nyuma. Gari likiwa tupu hupunguza, ili magurudumu ya nyuma yasikwame na kuteleza. Sasa mipira ya upepo ikiinua bodi, valvu hudanganyika: gari lina tani nzima mgongoni, lakini kwa kipimo chake ni tupu. Breki za nyuma hupewa nguvu kidogo, za mbele hubeba kazi yote, hupata moto, na umbali wa kusimama hurefuka hasa kwenye miteremko mirefu. Kuinua gari nusu tu, kama ilivyoelezwa, hupunguza kosa hilo. Kulimaliza kunahitaji kijiti cha valvu kirekebishwe na fundi anayejua breki, kisha gari lijaribiwe likiwa tupu na likiwa limepakiwa. Kuing'oa valvu hiyo, kama wafanyavyo wengine ili kukwepa usumbufu, ni kuhatarisha maisha.

Kazi ya kufunga huanza kwa ukaguzi, na kwenye gari kuukuu ukaguzi ndio nusu ya kazi. Pleti hukaguliwa moja moja kutafuta nyufa, hasa karibu na senta bolti. Bushi za macho na za sheko zikiwa zimelika hubadilishwa kwanza. Yubolti zenye kutu ya ndani hutupwa. Chasisi husuguliwa kwa brashi ya waya pale mabano yatakapokaa na kugongwa kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilicholika hutoa sauti butu. Magari ya Tanga, Mombasa, Unguja na miji mingine ya pwani yanahitaji uangalifu zaidi kwa sababu ya chumvi. Pleti zikiwa zimenyooka kabisa gari likiwa tupu, zimekufa, na mpira hauwezi kuzifufua. Zipelekwe zikakunjwe upya na kuchomwa moto kwa utaratibu, au zinunuliwe nyingine, ndipo habari ya upepo ifuate.

Kisha vipimo. Gari huegeshwa mahali tambarare likiwa tupu, tairi zikiwa na upepo sahihi, na urefu kutoka katikati ya gurudumu la nyuma hadi ukingo wa bodi juu yake hupimwa kulia na kushoto na kuandikwa. Hupakiwa mzigo wake wa kawaida na kupimwa tena. Namba hizo nne ndizo zitakazotumika siku zote kujua kiasi cha upepo cha kujaza. Hupimwa pia nafasi iliyopo kati ya pleti na chasisi, kwa sababu mpira mrefu kupita nafasi utabanwa, na mfupi kupita kiasi utavutwa hadi uchanike gari linapoinuliwa kwa jeki na ekseli kuning'inia.

Gari huwekewa vigingi kwenye magurudumu ya mbele, huinuliwa na kukalishwa kwenye stendi imara chini ya chasisi, kamwe si kwenye jeki peke yake. Mpira mdogo wa kugongea uliofungwa chini ya chasisi juu ya ekseli hutolewa, na mara nyingi bano la juu la springi ya upepo hukaa mahali pake na kutumia matundu yaleyale. Hiyo ndiyo sifa kubwa ya seti iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli husika. Fundi anayelazimika kutengeneza mabano mwenyewe atumie bamba nene, alikumbatishe chasisi kwa bolti, na ajiepushe kuchomelea. Joto la kuchomelea hubadilisha tabia ya chuma cha chasisi, na ufa hupenda kuanzia pembeni mwa mshono. Ikibidi kutoboa, tundu liwe kwenye ubavu wa chasisi. Kingo za juu na za chini ndizo zinazobeba nguvu ya kupinda na hazitakiwi kuguswa.

Bano la chini hukaa juu ya pleti, pale pale ekseli ilipo, na kushikwa kwa yubolti zake au kwa bolti za ziada zinazozunguka ekseli. Hapa paipu ya breki na kebo ya handibreki hupita karibu sana, na bolti iliyobana paipu ya breki juu ya ekseli inaweza kuwa chanzo cha ajali. Paipu husogezwa taratibu au bano hugeuzwa. Mpira wenyewe hukaa wima, sahani ya juu ikiwa juu ya ile ya chini bila kupinda wala kujisokota. Ukijazwa hutanuka, kwa hiyo pande zote zibaki na angalau nusu inchi ya uwazi kutoka kwenye tairi, shokapu, chasisi na breki. Upande wenye ekzosi huwekewa bati la kuzuia joto, kwa sababu mpira uliopikwa kila siku hukauka na kupasuka. Mpira usijazwe upepo kabla ya kufungwa kwenye gari. Ukiwa huru hauna kinachouzuia, na unaweza kujiharibu au kumjeruhi aliye karibu.

Paipu za upepo ni nyembamba, za nailoni, kwa kawaida robo inchi. Hukatwa kwa wembe mkali, mkato ukiwa umenyooka, kwa maana mkato wa mshazari ndio unaovujisha viungio vingi zaidi kuliko kasoro nyingine yoyote. Hupitishwa ndani ya chasisi mbali na ekzosi na propela, zikifungwa kila baada ya sentimita chache kwa kamba za plastiki, na kuachwa zikiwa zimelegea kidogo karibu na ekseli. Kila mpira upewe paipu yake na valvu yake, moja ya kulia na moja ya kushoto. Kuziunganisha kwa kiungio cha matawi matatu huokoa valvu moja, lakini gari likiingia kona upepo hukimbia kutoka upande uliokandamizwa kwenda ule uliopungukiwa, na gari hulala zaidi. Paipu mbili huruhusu pia kusawazisha gari lililopakiwa upande mmoja.

Valvu za kujazia ni zilezile za tairi, na hufungwa karibu na namba ya gari nyuma au ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Kwa mazingira ya safari za Afrika Mashariki huo ndio mpangilio bora: hakuna umeme wa kuharibika, na fundi pancha yeyote barabarani ana upepo. Tahadhari ni moja. Mpira huu ni mdogo mno ukilinganisha na tairi, hujaa kwa sekunde chache, na kompresa kubwa ya kituo cha mafuta inaweza kuupasua kabla mtu hajasoma geji. Pampu ya mkono, hata ya baiskeli, inatosha kabisa na humpa mtu udhibiti mzuri. Anayetaka kompresa ya volti 12 na swichi kwenye dashibodi anaweza kuiweka, lakini ahakikishe ina fyuzi yake, waya wa unene unaostahili, valvu ya kuzuia upepo kurudi na sehemu ya kumwaga maji yanayojikusanya.

Baada ya kufunga, mipira hujazwa paundi 30 hivi na kila kiungio hupakwa maji ya sabuni. Mapovu yakitokea, paipu huchomolewa, hukatwa upya na kurudishwa. Gari huachwa usiku kucha. Geji ikisoma vilevile asubuhi, kazi ni nzuri. Bolti zote hukazwa tena baada ya kilomita 800 hivi, kwa kuwa mabano mapya hujikalisha na kulegea.

Gari likiwa tupu mipira isiachwe bila upepo kabisa. Watengenezaji wengi huweka kiwango cha chini cha paundi 5, kwa sababu mpira mtupu hujikunja vibaya, hubanwa kati ya sahani zake na kuingiwa na kokoto zinazoutoboa. Uliovuja safarini unaruhusu gari kufika kwa mwendo wa pole, kwani pleti bado zipo. Hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote ya kuziacha.

Kung'oa pleti zote ni kazi ya aina nyingine kabisa. Ekseli inabaki bila cha kuishika, hivyo ni lazima ipate mikono minne ya chuma, miwili chini na miwili juu, yenye bushi kila mwisho. Mikono ya juu ikiwekwa sambamba na ya chini, huongezwa fimbo ya Panhard inayotoka ekseli kwenda chasisi upande wa pili ili kuzuia ekseli kuhama pembeni. Mikono ya juu ikielekezwa kwa mshazari kuelekea difu, fimbo hiyo haihitajiki. Urefu na pembe za mikono ndivyo vinavyoamua kama mdomo wa difu utabaki kwenye mstari wa propela gari linapopanda na kushuka. Anayetaka gari likae chini kabisa hulazimika pia kukata tao kwenye chasisi juu ya ekseli na kuiimarisha upya kwa bamba nene. Nchini Marekani, hasa California, vijana wamezifanyia hivyo pikapu ndogo za Toyota, Nissan na Mazda kwa miongo kadhaa, na magari hayo huegeshwa yakiwa yamelala kabisa ardhini. Ni ufundi wa hali ya juu wenye uzuri wake. Lakini mpira ukipasuka, gari hilo haliendi popote, na mshono mmoja mbaya kwenye mkono unaweza kuiachia ekseli katikati ya barabara. Kwa mwenye kubeba mazao, mifuko ya mbolea au vifaa vya ujenzi, haifai.

Matunzo ya mipira ya kusaidia ni machache. Huoshwa kwa maji na sabuni kila gari linapotoka kwenye matope; mafuta ya petroli na dizeli hayatumiki kuisafishia kwa kuwa hula mpira. Upepo hupimwa gari likiwa limepoa, pamoja na wa tairi. Nyufa ndogo za juu juu zinavumilika, lakini nyuzi za nailoni zikionekana, mpira ubadilishwe siku hiyohiyo na mwenzake pia. Kwa pikapu inayopakiwa leo na kurudi tupu kesho, yenye pleti nzima na chasisi isiyoliwa, springi za upepo zina faida kuliko pleti za kuongeza. Kwa ile inayobeba mzigo uleule kila siku, pesa hizo zinunue pleti mpya.